Mpira umesimama angani, mchapuko wake ni ngapi? Fizikia ya mwendo kwa wanaosoma sekondari

Chukua mpira, urushe juu wima, halafu uutazame vizuri. Unapanda huku kasi inapungua, unafika mahali unasimama, yaani kama umening'inia kidogo hivi, kisha unaanza kurudi chini. Sasa swali: pale juu kabisa, ile nukta umesimama, mchapuko wake (yaani mwendo wake unabadilika kiasi gani kila sekunde) ni ngapi? Nimekaa na wanafunzi wengi wa sekondari nikiwasaidia fizikia na swali hili nawauliza wote siku ya kwanza, karibu wote wananijibu sifuri, tena bila wasiwasi, manake mpira si umesimama? Jibu sio sifuri. Ni mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini, ileile iliyokuwepo mpira ulipotoka mkononi na ileile itakayokuwepo ukikaribia kugonga ardhi.

Kama jibu hilo limekushtua usijali, ila lishike, kwa sababu karibu kila kinachowasumbua watu kwenye mada ya mwendo kinatoka hapohapo: tunachanganya kitu kinaenda kasi gani na hiyo kasi inabadilika kiasi gani. Ni maswali mawili tofauti kabisa. Na hata kanuni za Newton zinakuja kuonekana ngumu baadaye kwa sababu msingi huu haukukaa sawa, mwanafunzi anakariri F = ma (kani ni masi mara mchapuko, tutaifikia) lakini kichwani bado anaamini kitu kinachotembea lazima kiwe kinasukumwa. Kwa hiyo tufumue taratibu.

Spidi yenyewe haina shida, ni umbali gawanya kwa muda. Mwaka 2009 kule Berlin mkimbiaji Usain Bolt wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, gawanya hapo unapata kama mita 10.44 kwa sekunde. Ila huo ni wastani, na wastani unaficha mambo mengi. Waliopima mbio ile walichukua muda wa kila mita 20, na huo muda ndo mtamu: mita 20 za kwanza alitumia sekunde 2.89, zilizofuata 1.75, halafu 1.67, halafu 1.61, na 20 za mwisho 1.66. Chukua kalkuleta ugawanye 20 kwa kila moja utaona kwamba kipande cha kwanza alikuwa na wastani wa mita 6.9 kwa sekunde, kipande cha nne (kati ya mita 60 na 80) alifika mita 12.4 kwa sekunde, na mwishoni akashuka kidogo mpaka 12.0 hivi.

Sasa niambie, mchapuko wake mkubwa ulikuwa wapi? Wengi watataja mita ya 60 mpaka 80 kwa sababu ndo alikuwa moto kabisa. Hapana! Pale ndo alikuwa ameshafika juu, spidi haiongezeki tena, mchapuko ni kama sifuri. Mchapuko mkubwa ulikuwa mwanzoni, anapotoka kwenye bloku za kuanzia mbio, wakati spidi yake ndo ndogo kuliko sehemu zote za mbio. Na zile mita 20 za mwisho mchapuko wake ulikuwa hasi, kasi inapungua, japokuwa bado anaenda mita 12 kwa sekunde, kasi ambayo mimi na wewe hatuifikii hata kwa kushuka kilima. Mbio moja, na ndani yake una spidi kubwa bila mchapuko na mchapuko mkubwa bila spidi. Ukiielewa mbio hiyo umeelewa nusu ya mada.

Mchapuko basi ni badiliko la velositi gawanya kwa muda uliotumika kubadilika. Kipimo chake kinawatisha watu, ile mita kwa sekunde mraba, wanauliza sekunde mraba ni kitu gani. Usiisome hivyo. Isome "mita kwa sekunde, kila sekunde". Ukiambiwa gari lina mchapuko wa 3, maana yake kila sekunde moja ikipita spidomita imeongezeka mita 3 kwa sekunde. Basi, hakuna cha zaidi.

Nimesema velositi badala ya spidi kwa sababu velositi ina uelekeo ndani yake, spidi haina. Ukizunguka uwanja wa mbio mara moja umekimbia mita 400, lakini umerudi ulipoanzia, kwa hiyo uhamisho wako (umbali ulionyooka toka ulipoanzia mpaka ulipoishia) ni sifuri na velositi yako ya wastani ni sifuri hata kama umetoka jasho. Na hapa kuna jambo watu wanalipita haraka: gari likikata kona huku spidomita imeganda kwenye 40, gari hilo lina mchapuko, kwa sababu uelekeo unabadilika, na velositi ikibadilika kwa namna yoyote ile mchapuko upo. Ndo maana kwenye kona mwili unausikia, barabara iliyonyooka kwa 40 hiyohiyo husikii kitu.

Tuje kwenye zile fomula ambazo watoto wanazimeza kama dawa. Mimi naomba usizimeze, zichore. Chora grafu, muda kwenye mhimili mlalo, velositi kwenye mhimili wima, halafu mstari ulionyooka unaoanzia u (velositi ya mwanzo) na kupanda mpaka v (velositi ya mwisho) ndani ya muda t. Mteremko wa mstari huo ndo mchapuko, v toa u gawanya kwa t, ukiipanga vizuri unapata v = u + at. Hiyo ya kwanza. Eneo lililo chini ya mstari ndo uhamisho s, na umbo lile ni trapeza, kwa hiyo s ni nusu ya (u + v) mara t. Hapo ukiweka u + at mahali pa v inatoka s = ut + ½at². Na kama hujapewa muda, ukiuondoa t kabisa, inatoka v² = u² + 2as. Yaani zote zimetoka kwenye mchoro mmoja, siku ya mtihani ukisahau moja unachora trapeza unaipata. Ila kuna sharti na sharti hili linasahaulika mno: mstari lazima uwe umenyooka, maana yake mchapuko haubadiliki njiani. Kwa mbio ya Bolt nzima huwezi kutumia fomula hizi, mchapuko wake ulikuwa unabadilika kila hatua.

Hiyo ya v² nataka tukae nayo kidogo kwa sababu inaokoa watu barabarani. Gari linaenda kilomita 36 kwa saa. Gawanya kwa 3.6, ni mita 10 kwa sekunde. Dereva anakanyaga breki, gari linapungua kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde mpaka lisimame. 0 = 100 toa 10s (hiyo 10s ni 2 mara 5 mara s), kwa hiyo s ni mita 10. Sasa ongeza spidi mara mbili, kilomita 72 kwa saa, mita 20 kwa sekunde, breki zilezile. 0 = 400 toa 10s, s ni mita 40. Spidi mara mbili, umbali wa kusimama mara nne! Na hapo hatujahesabu muda wa dereva kushtuka, tuseme sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, gari la kwanza limeshakula mita 10 na la pili mita 20. Jumla mita 20 kwa mita 60. Mtoto aliyesimama mita 40 mbele, gari la kwanza linasimama mbali naye, la pili linafika alipo likiwa bado linaenda mita 14 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 50 kwa saa. Piga mwenyewe uhakikishe, v² = 400 toa 2 mara 5 mara 20.

Turudi kwenye mpira wetu. Urushe juu kwa mita 20 kwa sekunde, na tuchukue mvutano wa dunia kama 10 badala ya 9.8 hesabu zisitusumbue. Tuamue juu ni chanya, kwa hiyo mchapuko ni hasi 10 muda wote. Baada ya sekunde 1 velositi ni 10, mpira uko mita 15 juu. Sekunde ya 2 velositi ni 0, uko mita 20. Sekunde ya 3 velositi ni hasi 10, umeshuka uko mita 15 tena. Sekunde ya 4 ni hasi 20, uko mkononi. Angalia namba za velositi: 20, 10, 0, hasi 10, hasi 20. Zinashuka kumi kumi bila kuruka, na sifuri ni namba tu iliyopitiwa katikati kama nyingine. Kama mchapuko ungekuwa sifuri pale juu, velositi isingebadilika, na kama ni sifuri ingebaki sifuri, mpira ungekaa hukohuko hewani. Haukai, kwa sababu mchapuko haujaondoka hata nukta moja.

Na hapohapo umalize lingine: watu wanadhani mchapuko hasi maana yake kitu kinapunguza mwendo. Sio lazima. Mpira ukishuka mchapuko ni hasi lakini kasi inaongezeka. Alama inakwambia uelekeo tu. Kitu kinapunguza kasi pale velositi na mchapuko zinapoelekea pande tofauti, zikielekea upande mmoja kinaongeza, iwe ni juu au chini, chanya au hasi.

Haya, mpira mzito na mpira mwepesi, upi unafika chini kwanza? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kizito kinaanguka haraka zaidi, na watu walikaa na jibu hilo kwa karne na karne. Galileo, mwanasayansi wa Italia, akalibomoa kwa hoja tu. Alisema hivi: kama jiwe zito linaanguka haraka na jepesi polepole, wafunge pamoja. Jepesi linamvuta mwenzake nyuma, kwa hiyo yote mawili yataanguka polepole kuliko zito peke yake. Lakini yakifungwa pamoja si yamekuwa jiwe moja zito zaidi? Basi yangeanguka haraka zaidi. Haiwezekani yote mawili yawe kweli, njia pekee ya kutoka ni kwamba uzito haubadilishi kitu. Hoja hii naipenda sana, haihitaji hata maabara.

Lakini hakuishia kwenye hoja, alipima. Kitu kinachoanguka kinaenda haraka mno kwa vifaa vya zama zile, hivyo akawa anateremsha mpira kwenye ubao ulioinama ili mambo yaende taratibu, na muda akaupima kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo. Akakuta kwamba kwenye vipindi vya muda vilivyo sawa, umbali unakwenda 1, 3, 5, 7. Alikuja kuyachapisha 1638. Na we unaweza kuyaona mwenyewe kwa fomula yetu, dondosha kitu: sekunde ya kwanza mita 5, ya pili mita 15, ya tatu mita 25. Ndo zilezile 1, 3, 5 zikizidishwa kwa tano. Manyoya yanachelewa kwa sababu ya hewa tu, na 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa, vikatua pamoja.

Mpaka hapa tumesema mwendo unakwendaje, hatujasema kwa nini. Kwa nini ni kazi ya Newton, 1687, na kitu kikubwa alichokisema ni hiki: kani (yaani msukumo au mvuto wowote) haileti mwendo, kani inabadilisha mwendo. Soma tena tafadhali. Mtaani tunajua kinyume chake, ukiacha kusukuma toroli linasimama, kwa hiyo tunahitimisha kwamba mwendo unahitaji kusukumwa. Lakini toroli halisimami kwa sababu umeacha kusukuma, linasimama kwa sababu kuna msuguano unaolisukuma nyuma na sasa hakuna wa kuupinga. Mahali pasipo na msuguano kitu kinajiendea tu. Chombo cha anga cha Voyager 1 kilirushwa 1977, hakina injini inayokisukuma mbele, jua linakivuta kidogo sana kwa sababu kiko mbali mno, na mpaka leo bado kinaenda kama kilomita 17 kila sekunde. Hiyo ndo kanuni ya kwanza, na ule ukaidi wa kitu kung'ang'ania hali yake, kama kimetulia kitulie na kama kinaenda kiende, ndo unaitwa inesha. Ndo maana gari likifunga breki ghafla unarushwa mbele, ingawa kusema kweli hakuna aliyekurusha, gari limepunguza mwendo wewe umeendelea na wako.

Kanuni ya pili inaweka namba: jumla ya kani zote zikishapingana ni sawa na masi (kiasi cha kitu, kwa kilo) mara mchapuko, F = ma. Msisitizo ni kwenye jumla. Toroli la kilo 10, unalisukuma kwa nyutoni 50 (nyutoni ndo kipimo cha kani), msuguano ni 20, inabaki 30, mchapuko ni 3. Baada ya sekunde 2 toroli linaenda mita 6 kwa sekunde. Sasa punguza msukumo mpaka nyutoni 20. Nini kinatokea? Wengi wanasema litasimama, au litapungua. Halipungui. 20 toa 20 ni sifuri, mchapuko sifuri, toroli linaendelea na mita 6 kwa sekunde zake bila kuongeza wala kupunguza. Ukiachia kabisa ndo msuguano unabaki peke yake, hasi 20 gawanya kwa 10, hasi 2, linasimama baada ya sekunde 3 likiwa limetembea mita 9.

Sasa mfano ambao ni kama kinyume cha mpira wetu. Mtu karuka kutoka kwenye ndege, parachuti hajafungua. Kadiri anavyoongeza kasi hewa inamsukuma juu zaidi, mpaka inafika mahali msukumo wa hewa umelingana na uzito wake, jumla ni sifuri, mchapuko ni sifuri, lakini anashuka kama kilomita 200 kwa saa. Mpira ulikuwa na velositi sifuri na mchapuko kamili, huyu ana velositi kubwa na mchapuko sifuri. Akifungua parachuti kani ya hewa inazidi uzito, mchapuko unaelekea juu. Je, anapanda juu? Hapana, anaendelea kushuka, ila kasi inapungua, kwa sababu kani imebadilisha velositi yake, haijaifuta papo hapo.

Na ukimwambia mwanafunzi achore kani zilizopo kwenye mpira unaopanda, nane kati ya kumi atachora mshale wa kwenda juu, "nguvu ya mkono". Mkono uko wapi sasa? Ulishauachia mpira. Kani sio kitu kinachobebwa kama maji kwenye ndoo, ni kitu kinachofanyika kati ya vitu viwili, wakiachana imekwisha. Kwenye mpira uliokwisha kutoka mkononi kuna mshale mmoja tu, wa chini, uzito wake (na hewa kidogo ukitaka kuihesabu). Kilichobaki na mpira ni velositi, na velositi haihitaji mshale wa kani.

Hapo pia ndo utaona kwa nini masi na uzito si kitu kimoja. Masi ni kiasi cha kitu, kilo 60 ni kilo 60 popote. Uzito ni kani, hapa duniani 60 mara 9.8 ni nyutoni 588, mwezini 60 mara 1.6 ni nyutoni 96. Na kitu chenye masi mara mbili kinavutwa mara mbili lakini pia ni kikaidi mara mbili, mg gawanya kwa m (g ni ule mchapuko wa 9.8), masi inajifuta inabaki g. Galileo alikuwa sahihi na Newton akatoa sababu.

Kanuni ya tatu, kila kani ina mwenzake aliye sawa na aliye kinyume, inaeleweka vibaya kuliko zote. Swali la zamani: farasi akivuta mkokoteni na mkokoteni unamvuta farasi kwa kani ileile, si zinafutana wasiondoke? Hazifutani kwa sababu haziko kwenye kitu kimoja. Moja iko kwenye mkokoteni, nyingine iko kwenye farasi. Ukitaka kujua kama mkokoteni utaondoka hesabu kani zilizo kwenye mkokoteni tu, mvuto wa farasi na msuguano. Farasi naye ana zake, anaisukuma ardhi nyuma kwa kwato na ardhi inamsukuma mbele. Hivyohivyo kitabu mezani, uzito wake na msukumo wa meza sio pacha wa kanuni ya tatu hata kama vinalingana, vyote viwili viko kwenye kitabu. Pacha wa uzito wa kitabu ni kani ambayo kitabu kinaivuta nayo dunia.

Ndiyo, kinaivuta. Mpira wetu pia. Tuseme ni wa nusu kilo: dunia inauvuta kwa nyutoni 5, na mpira unaivuta dunia kwa nyutoni 5 hizohizo, wakati unapanda, wakati unashuka, na pale juu kabisa uliposimama. Mpira unapata mchapuko wa 10. Dunia ina masi ya kilo 6 zikifuatwa na sifuri 24, gawanya 5 kwa hiyo, mchapuko wake ni nukta, sifuri 24, ndo inakuja nane. Kani ni ileile, ila kwenye dunia huwezi kuiona.